Daftari Lako Liko kwa Nani? Mazungumzo na Wafanyabiashara wa Tanga Kuhusu Klaudi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wafanyabiashara na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo jijini Tanga. Nimeyaandika upya ili yasomeke, nikaacha vicheko na mengi ya pembeni.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, na wagosi wote mliofunga maduka mapema mkaja kunisikiliza: assalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, hamjambo. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye shughuli.

Mimi ni mhasibu. Kompyuta naitumia kama mnavyoitumia ninyi, na Mwenyekiti aliponialika aliniambia wazi kwamba ndiyo sababu ya kunialika. Mafundi wamekwisha kuja hapa, wakaonyesha ukutani picha za mishale na visanduku, watu wakapiga makofi, wakala biriani, wakarudi nyumbani na swali lile lile walilokuja nalo: hii klaudi nilipie au nisilipie? Kazi yangu ni kukagua vitabu vya watu, na miaka hii vitabu vimehama. Nikiomba daftari la wadaiwa siletewi tena kile kitabu kikubwa chenye jalada gumu na kona nyekundu. Naambiwa "lipo kwenye mtandao". Nauliza: kwenye mtandao wa nani, kwa mkataba upi, na nani ana ruhusa ya kuingia? Hapo mkurugenzi humtazama mhasibu wake, mhasibu humtazama kijana wa IT, na kijana wa IT hutazama simu yake.

Leo nazungumza na mkurugenzi. Kijana wa IT akinisikiliza pia, heri. Ninalotaka kusema ni kwamba klaudi, kwa kiongozi wa biashara, ni amana. Umechukua mali yako ukaiweka kwa mtu. Jinsi mitambo ya huyo mtu inavyofanya kazi ndani unaweza usijue mpaka uzeeke na biashara ikaenda vizuri. Lakini masharti ya amana, yaani nani kaipokea, nani anaruhusiwa kuichukua, ada yake inahesabiwaje, na siku ukiitaka utaipataje, hayo huwezi kumwachia fundi.

Kwanza tukubaliane tunasema nini tukisema klaudi. Badala ya kununua seva, yaani kompyuta kubwa ya kutunza kazi za ofisi nzima, uiweke chumba cha nyuma, unakodi sehemu ya kompyuta za mtu mwingine, zilizo kwenye majengo yake, unazifikia kwa intaneti, unalipa kwa kadiri ulivyotumia. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa maelezo ambayo watu wengi bado wanayafuata, yenye sifa tano: unajihudumia mwenyewe bila kumpigia mtu simu, unaingia kwa mtandao kutoka kifaa chochote, mashine zile zile zinatumiwa na wateja wengi, unaongeza na kupunguza kwa haraka, na matumizi yako yanapimwa. Sifa hizo zinatosha kumpima mwuzaji. Akikuambia kuongeza nafasi ni lazima umwandikie barua usubiri wiki mbili, anakuuzia kitu kingine na kukibandika jina la klaudi.

Watu wa Tanga wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi, kwa kuwa mkoa huu ulikwisha kulipitia kwa upande wa umeme. Zamani shamba la mkonge lilikuwa na injini yake ya kuzungusha korona, ile mashine ya kutoa katani kwenye majani ya mkonge, na pamoja na injini kulikuwa na fundi wake, spea zake, na mafuta yake. Kisha TANESCO ikaanzishwa mwaka 1931, maporomoko ya Pangani yakafungwa mitambo katika miaka hiyo ya 1930, na umeme ukavutwa hadi mjini na mashambani. Mwenye shamba akabaki na kazi yake ya mkonge, na mita ikahesabu. Kampuni ya Amazon ya Marekani, ambayo ilianza mwaka 1994 kama duka la vitabu, ilifanya jambo la namna hiyo kwa kompyuta mwaka 2006: mwezi Machi ikafungua ghala la kuhifadhi mafaili kwa kukodi, mwezi Agosti ikaanza kukodisha mashine kwa saa. Google na Microsoft zikafuata.

Mfano huu wa umeme mtausikia kwa kila mwuzaji, na ni mzuri, ila unafika mahali unakwama, na pale unapokwama ndipo watu wanapopatia hasara. Umeme wa Pangani hauna jina la mtu. Ukikatika jioni ukarudi usiku, huulizi kama uliorudi ndio ule ule. Wala hukumkabidhi TANESCO kitu chako. Kwenye klaudi wewe ndiye unayepeleka mzigo: majina ya wadaiwa, mishahara, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za wanachama, bei halisi uliyonunulia saruji. Ikizimika ikarudi, unataka irudi na yale yale, yote, na bila mtu mwingine kuyaona.

Tena msidhani kwamba bado mko nje mnachungulia. Barua pepe ya Gmail ni klaudi. Lile kundi la WhatsApp mnalopokelea oda, huku picha za risiti zikihifadhiwa na kampuni iliyo mbali, ni huduma ya namna hiyo hiyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa karibu saa sita. Walioumia zaidi ni wale ambao namba za wateja wao wote zilikuwa humo tu, hazipo kwenye karatasi wala kwenye simu.

Sasa fedha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo lugha yetu.

Seva ya ofisini unainunua mara moja, naiandika kwenye mali za kudumu, inachakaa kidogo kidogo. Klaudi haichakai, kwa sababu si yako. Ni gharama ya kila mwezi kama pango. Mwuzaji atakuambia ni nafuu. Inategemea. Tuseme mashine inakodishwa kwa senti 10 za dola kwa saa. Mwezi una saa kama 730, kwa hiyo ukiiacha wazi usiku na mchana unalipa dola 73. Biashara yako inafunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani saa 260. Ukiiwasha na kuizima kwa saa hizo unalipa dola 26. Zile dola 47 za katikati ni za mtu aliyesahau kuzima swichi, na amini usiamini, kwenye vitabu ninavyokagua ndizo ninazokutana nazo zaidi kuliko wizi. Husemwa kuwa Tanga waja leo waondoka leo. Mashine ya klaudi ingekuwa na tabia hiyo mngefaidi, lakini yenyewe haiondoki mpaka uifukuze.

Geuza upande wa pili. Kama mashine yako lazima iwe macho muda wote, na kazi yake haipandi wala kushuka, basi dola 73 kwa miezi 36 ni dola 2,628. Kabla hujasaini, weka namba hiyo pembeni ya bei ya kununua yako, lakini uwe mkweli: ongeza UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), kiyoyozi, mafuta ya jenereta, fundi, na siku utakazokaa bila kazi ikiharibika ukisubiri spea kutoka Dar. Kwa biashara nyingi za hapa klaudi inashinda kwenye hesabu hiyo. Kwa baadhi haishindi, na hakuna aibu kubaki na seva yako.

Kuna tozo moja ambayo haionekani kwenye tangazo. Kuingiza data kwenye klaudi mara nyingi ni bure. Kuzitoa unalipia kwa kila gigabaiti. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kwamba mteja anayehama moja kwa moja hatatozwa kwa kutoa mzigo wake, na hilo ni jema, ila matumizi ya kila siku ya kutoa data yanaendelea kuhesabiwa. Mtu mwenye picha nyingi au video, aulize hili kabla ya jingine lolote.

Halafu dola. Mapato yenu ni shilingi. Ukinunua moja kwa moja kutoka nje, ankara itakuja kwa dola, na shilingi ikilegea, bei imepanda bila mtu kukupa taarifa. Ukinunua kupitia mwuzaji aliyeko Tanzania, jueni kwamba tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kunukuu bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Akikuletea ankara ya dola, mrudishie kwa heshima aiandike kwa shilingi. Na kodi: huduma ya mtandao inayotoka nje nayo ina VAT yake na mengine ya kujadiliana na mshauri wako wa kodi. Nimeona bajeti zilizopangwa kwa bei iliyoandikwa kwenye tovuti, bila hata senti ya kodi, kisha mwenye bajeti ananiuliza mimi kosa liko wapi.

Dawa ndogo: kila huduma kubwa ya klaudi ina mahali pa kuweka onyo la bajeti. Unaandika kiasi, matumizi yakikikaribia unatumiwa ujumbe. Hakikisha ujumbe huo unakuja kwenye simu ya mwenye kulipa.

Tuje kwenye funguo. Kama kuna sehemu moja ya mazungumzo haya mtakayoikumbuka mkifika stendi ya Kange, iwe hii.

Chama kimoja cha akiba na mikopo katika mkoa wetu, sitakitaja, kilikuwa na kijana mwema na hodari. Aliwafungulia huduma ya klaudi wakati viongozi hawajui hata waanzie wapi. Aliifungua kwa barua pepe yake binafsi, akaweka namba yake ya simu kwa ajili ya uthibitisho, na malipo yakawa yanakatwa kwenye kadi ya benki ya katibu. Mambo yakaenda. Kijana akapata kazi Dodoma, akaagwa kwa soda na sambusa. Baadaye kadi ya katibu ikafikia mwisho wa muda wake. Maonyo ya kutolipa yakaanza kutumwa, moja baada ya jingine, kwa adabu kabisa, kwenye barua pepe ya kijana ambayo hakuwa akiifungua tena. Siku wanajiandaa kwa mkutano mkuu, mhasibu akaingiza paswedi na skrini ikamwambia: tumetuma tarakimu sita kwenye simu yako. Simu ya nani? Laini yenyewe ilikwisha kufungwa kwa kutotumika. Wakakaa pale wajumbe wa bodi, vitambulisho vya chama mkononi, muhuri wa chama mezani, hati ya usajili ukutani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ile skrini ilikitambua.

Kijana alipatikana kupitia kwa mama yake, Muheza. Alikuja na roho safi, akahangaika na mtoa huduma mpaka mlango ukafunguka. Lakini nilipoisoma ile akaunti kwa jicho la mkaguzi, mteja aliyetajwa ni yeye. Chama hakikuwepo popote. Kama angekuwa na kinyongo, au kama angekuwa amefariki, chama kingekuwa kinaomba mali yake mlangoni kwa mtu kama mgeni.

Sasa ongeza nia mbaya kwenye kisa hicho. Mwezi Juni 2014 kulikuwa na kampuni iliyoitwa Code Spaces, kazi yake kuwahifadhia waandishi wa programu kazi zao, nayo ilikuwa imekodi mashine za Amazon. Mtu akapata njia ya kuingia kwenye ukurasa wao wa usimamizi, akadai fedha. Walipojaribu kumfungia nje, akaanza kufuta: mashine, mafaili, na sehemu kubwa ya nakala za akiba, maana zote zilifikika kwa ufunguo ule ule. Kampuni ikafunga biashara. Majengo ya Amazon hayakuguswa, diski zao zilikuwa nzima. Kila kitu ambacho mtoa huduma ana wajibu wa kukilinda kilikuwa salama. Kilichoanguka ni upande wa mteja, na huo upande hakuna mkataba wa klaudi unaokubeba: wao wanalinda jengo, umeme na mitambo, nani anaingia kwa jina lako ni juu yako.

Kwa hiyo akaunti iwe kwa jina la kampuni au chama, na barua pepe ya ofisi. Jina lenu la mtandao, lile linaloishia na .co.tz au .or.tz, liwe na mmiliki aliyeandikwa kampuni, maana anayelimiliki ndiye anayeweza kuigeuza barua pepe yenu. Wasimamizi wakuu wawe wawili, wasiwe wengi. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi kisha tarakimu za kwenye simu, uwashwe kwa kila mtu, akiwemo mkurugenzi, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye wa kwanza kuomba asamehewe. Na mtu akiacha kazi, siku unayochukua ufunguo wa ofisi ndiyo siku ya kufunga njia yake ya kuingia.

Nakala za akiba. Kuna duka la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani, kwenye barabara hizi za namba, ambalo mwenyewe kaniruhusu nilisimulie bila jina. Kompyuta ya mauzo imesimama chini ya kaunta juu ya tofali mbili, imevaa vumbi la saruji. Kila jioni binti wa mauzo ananakili hesabu kwenye flashi, kwa uaminifu kabisa, na flashi ile imefungwa kwa uzi wa katani kwenye kitasa cha droo ya fedha, isipotee. Nikamwuliza mwenye duka: mwizi akija usiku ataanzia wapi? Akacheka. Ataanzia kwenye droo.

Msimcheke sana. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto na jingine likaungua kwa sehemu. Hii ni miongoni mwa kampuni kubwa za klaudi Ulaya. Kuna wateja waliopoteza data zao kabisa, kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa pale pale, au kwa sababu walidhani kukodi klaudi ni sawa na kulipia nakala ya akiba. Ni vitu viwili, na mara nyingi vina bei mbili. Muulize mwuzaji: nakala yangu iko jengo gani, mji gani, na mara ya mwisho mliijaribu kuirudisha lini? Swali la tatu litawaonyesha mengi. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa mimi siihesabu kama mali.

Na amana yenyewe iko wapi? Wengi hawajui. Kama aliyekufungulia hakuchagua, inaweza kuwa Ireland au Marekani. Karibu nasi, Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Ndani ya nchi kuna kituo cha taifa cha data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kinachoendeshwa na TTCL, na makampuni binafsi yenye vituo vyao. Mahali panahusu kasi, lakini zaidi panahusu sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikusanya au kuchakata taarifa za watu unatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Sakosi yenye picha na namba za NIDA za wanachama, zahanati, shule: ninyi mnahusika moja kwa moja. Mkataba wa klaudi usiotaja nchi ambayo data zitakaa, usiusaini kabla haujatajwa.

Hapo hapo kwenye mkataba tafuta mambo mengine mawili. La kwanza ni ile ahadi ya kupatikana kwa huduma. Asilimia 99.9 inasikika kama ukamilifu. Kwa mwezi inaruhusu kuzimika kama dakika 43 bila wao kuvunja ahadi. Na wakiivunja, mara nyingi fidia ni punguzo kwenye ankara ijayo, si faida uliyokosa siku ya mkesha wa Idi. La pili ni kifungu cha kuachana: ukisitisha, data zako zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa, na utapewa kwa muundo gani? Watu wa kodi, TRA, wanataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano. Mtoa huduma akifuta ndani ya mwezi, TRA hawatamfuata yeye.

Kuhusu mtandao nitasema kwa kifupi, kwa kuwa kila mtu hapa ana malalamiko yake ya bando. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Wenye maduka ambao programu zao za mauzo hazifunguki bila intaneti walirudi kwenye karatasi. Wenye programu inayouza hata mtandao ukiwa haupo, kisha ikapeleka kumbukumbu unaporudi, waliendelea kuuza. Wakati wa kununua, zima data ya simu mbele ya mwuzaji na umwambie: haya, nikatie risiti. Pia uwe na laini mbili za mitandao tofauti. Kitu ambacho kikisimama uzalishaji unasimama, kama udhibiti wa korona au mizani ya malori, kiache kiwandani, na klaudi ipokee taarifa zake tu.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeandaa na sehemu ya aina tatu za huduma za klaudi na majina yake ya kitaalamu. Nairuka. Kwa wengi wenu inatosha programu iliyokwisha kutengenezwa, ya hesabu au ya mauzo, unayolipia kwa mwezi. Mwenye kukodi mashine tupu ni yule mwenye programu yake mwenyewe na mtu wa kuitunza kila wiki. Kama huna mtu huyo, usikodi mashine tupu hata kama ni rahisi.

Yaliyofuata yalikuwa maswali, na naandika machache.

Dada mmoja mwenye duka la vitenge aliuliza kama haya yote yanamhusu yeye mwenye kaunta moja. Yanamhusu kwa kipimo chake. Nilimwambia kabla ya kulipia programu yoyote aingize mauzo ya siku moja, kisha ajaribu kuyatoa yote yaje kwenye faili la Excel. Yakitoka, anaweza kuhama siku yoyote akitaka. Yasipotoka, mwuzaji amemshika mkono.

Kijana aliuliza kuhusu akili unde (AI). Nilimwambia achape kwanza orodha ya watu wenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa kazini kwake, kisha tutazungumza. Watu walicheka, lakini sikuwa natania.

La mwisho lilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye ana biashara ya usafirishaji. Alisimama, akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Daftari langu liko Afrika Kusini, sawa. Mimi nikifa usiku huu, watoto wangu wataanzia wapi?"

Nilimwambia, mzee wangu, Mungu akupe umri, lakini swali hilo lilipaswa kuwa kichwa cha mazungumzo haya. Mtoa huduma hajui mirathi yako. Anajua barua pepe, paswedi na simu. Kwa hiyo msimamizi wa pili awekwe sasa, ukiwa hai na simu iko mkononi mwako. Ni kazi ya dakika chache. Mtoto yupi, hilo ni la kwako na wosia wako, mhasibu hana kauli. Kisha andika karatasi moja: huduma zote mnazolipia, kila moja imesajiliwa kwa jina gani na barua pepe gani, msimamizi wa pili ni nani, kadi ipi inalipa na inakwisha lini, nakala ya akiba iko wapi. Paswedi usiziandike humo. Karatasi iingie kwenye bahasha ile ile yenye hati ya kiwanja na kadi za magari, na kila ukibadilisha kadi ya benki, ibadilishe na hiyo karatasi.